Gasketi

Nilifika Pasiansi jua halijapanda mawe,
milioni tisa nimezifunga kiunoni ndani ya khanga,
na Nyanzobe fundi nyuma yangu, anatafuna muwa.
"Mama Limbu," alinionya tangu jana, "twende alfajiri.
Gari la kuuzwa ni kama mgonjwa:
lione kabla halijaogeshwa."

Bwana Rugaimukamu alitupokea kwa kikoi na soksi.
Noah, rangi ya fedha, imesuguliwa
mpaka ukijitazama mlangoni unajiona mwembamba.
Viti bado vina nailoni.
Nami, nisiseme uongo, nilishapenda.
Nilishapanga magunia ya dagaa nyuma,
nimevuka Usagara, nimeuza Shinyanga, nimerudi.

Nyanzobe hakutazama viti.
Aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo
kama anayepima homa ya mtoto.
"Mzee, gari hili limelala wapi?"
"Hapa hapa."
"Mbona lina joto?"
Bwana akakohoa.
"Nililiwasha kidogo. Adabu ya wageni."

Tukangoja lipoe. Saa nzima na robo.
Tukanywa chai ya rangi, tukaulizana bei ya sangara.
Ziwa huko chini lilikuwa limetulia kama halihusiki.

Kisha akafungua kifuniko cha rejeta.
"Washa."
Maji yakaanza kupumua.
Povu moja, jingine, jingine,
kama kuna samaki mdogo chini anataka kusema.
Akachomoa stiki ya oili, akanipa nishike.
Nilitegemea weusi. Nikaona chai ya maziwa,
ile nzito ya msibani.
Na kwenye ekzosi moshi mweupe, wa harufu tamutamu,
ukapita katikati ya fulana za jirani zilizoanikwa.

"Gasketi," akasema Nyanzobe,
kama anayetaja jina la mtu aliyetukosea.
Kinachotenga maji na moto humo ndani
ni kipande cha bati, unene wa kadi ya kliniki.
Kikiungua mahali pamoja, padogo kama ukucha,
moto unakunywa maji, maji yanaingia kwenye oili,
na gari linaendelea kupendeza.

Zile milioni zikanibana kiuno.
Nilikuwa na matusi ya Mwaloni,
yaliyoanikwa juani, yenye chumvi.
Lakini mzee alishaketi kwenye tofali, kofia mkononi.
"Lilichemka Magu," akasema. "Usiku. Namleta mke wangu Bugando.
Mshale wa joto ukagonga mwisho. Ningesimama?
Niliendesha. Namwambia, bado kidogo, bado kidogo.
Likazimika getini."
"Akapona?"
"Alifika."

Sikuuliza tena.
Ila huruma ni huruma, na hesabu ni hesabu.
Nyanzobe alichora mchangani kwa ganda la muwa:
gasketi, boliti mpya,
hedi iende Mabatini ikapigwe rula, ikiwa imepinda ichongwe,
oili, chujio, siku tatu za mikono yake,
na ikiwa imepasuka, basi Mungu atuone.
Tukatoa. Tukatoa tena.
Kwenye milioni sita na laki mbili mzee akasema, "Chukua,"
akabaki ameshika funguo, nami nimeshika pesa,
kila mmoja anangoja mwenzake aachie.

Hedi ilikuwa imepinda. Haikupasuka.
Gari linakwenda, ingawa kila asubuhi
nachungulia maji yake kabla sijapiga mswaki.

Gasketi ya zamani nimeitundika kibandani, juu ya mizani:
matundu manne makubwa yenye masizi,
na ule uchochoro ulioungua kati ya la pili na la tatu.
Wateja huuliza kama ni dawa ya biashara.
Mjukuu wangu huweka jicho kwenye tundu la mwisho
na kuniambia ni mitumbwi mingapi imerudi.